Dakika Arobaini kutoka Jinja hadi Mbale

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemkosea mama mkwe wangu. Naliandika hilo kwanza, kabla moyo haujageuka.

Ilianza hivi. Jumamosi hii wageni wanakuja kumtolea posa binti yangu Brigid. Kwetu blanketi la kwanza linapewa nyanya wa msichana. Nyanya akikosekana, wageni wanakunywa soda na kurudi kwao. Nyanya wa Brigid, ambaye sisi wote tunamwita Mayi, anakaa Walukuba, kule Jinja. Na Mayi na gari hawapatani. Anatapika gari likiwa bado halijawashwa. Mara ya mwisho aliomba ashushwe Iganga afie hapo kwa amani. Kwa hiyo akamwambia mke wangu Nafuna: fanyeni sherehe vizuri, mnitumie picha. Brigid analia tangu juzi. Anasema bila nyanya yeye hatoki chumbani.

Hapo ndipo Apollo akaingia. Apollo ameoa Phanice, dada ya Nafuna. Anakaa Nkoma, hapahapa Mbale, ana ofisi, ana gari, ana dereva, anavaa tai hata akienda kunyolewa. Akasema atatuma gari na dereva, mito miwili na tangawizi. Watu wote wakasema huyu ndiye mkwe. Mimi, baba ya msichana, nikakaa pale kama kiti.

Nikarudi dukani kwangu, pale mtaa wa Industrial, ninapouza vipuri vya baiskeli. Nikaandika kwa simu: Jinja Mbale ndege. Ikaja palepale. Uwanja wa ndege wa Jinja mpaka uwanja wa ndege wa Mbale, kilomita mia moja ishirini na nane, muda wa kuruka dakika arobaini. Dakika arobaini! Mayi atakuwa bado anatafuta mfuko wa kutapikia, amefika.

Nikapiga simu Jinja. Mayi akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nikamwambia Apollo apumzishe dereva wake. Akauliza ni ndege ya nani. Nikamwambia ya asubuhi. Akanyamaza. Utamu wa kunyamaza kwake sikuweza kuuficha.

Jioni nikatafuta mahali pa kununua tiketi. Hakuna. Nimetafuta juu ya ukurasa na chini ya ukurasa. Dakika zipo, kilomita zipo, ndege haipo. Sielewi.

Kesho nitatubu.

Jumanne, 11 Novemba

Sikutubu. Nilienda kuhakikisha kwanza. Mtu hawezi kutubu kosa ambalo pengine si kosa.

Nilipanda boda boda mpaka uwanja wa ndege. Nyasi nzuri, upepo mzuri. Mlinzi mmoja ameketi kwenye kivuli, anamenya chungwa. Nikamwita afande, ingawa alikuwa na filimbi tu. Nikamuuliza ndege ya Jinja inaingia saa ngapi siku ya Ijumaa.

Akauliza ndege gani.

Nikamwonyesha simu. Akafuta vidole kwa suruali, akasoma polepole, akarudia kusoma. Akasema ni kweli, dakika arobaini. Nikafurahi sana. Nikasema basi iko wapi. Akasema hapa wameandika muda, hawajaandika ndege.

Nikamuuliza watu wanawezaje kupima muda wa kitu ambacho hakipo. Nani alipima? Alikaa wapi akipima? Mlinzi akafikiri mpaka chungwa likaisha. Akasema, "Bwana, hiyo ni kama ndege ingekuwepo."

Kama ingekuwepo. Nimetembea na maneno hayo mpaka nyumbani Namatala. Kama ndege isingekuwepo, ingechukua dakika ngapi? Kichwa kinauma.

Nafuna akauliza tiketi. Nikasema siku hizi tiketi zinakaa ndani ya simu. Akasema anataka kuiona. Nikasema simu imezima. Akaichukua, akaiweka kwenye chaji mwenyewe, akakaa karibu nayo kama mtu anayelinda maziwa yasichemke. Nikasingizia tumbo. Nilikaa chooni muda mrefu kuliko safari ya Jinja mpaka Mbale kwa ndege.

Jumatano, 12 Novemba

Mambo yameongezeka. Nimepata ukurasa mwingine. Huo unasema si kilomita mia moja ishirini na nane, ni maili themanini. Wa tatu unasema maili sitini na tisa, lakini za aina nyingine, zile za meli. Kwa hiyo ndege ni tatu, na kila moja ina njia yake.

Nikamwita Ouma, fundi wa baiskeli anayefanya kazi mlangoni pa duka langu. Ouma hana haraka ya kukubali jambo. Alisoma mara mbili. Akasema ile ya meli lazima inapita juu ya maji, juu ya mto Mpologoma, ndiyo sababu ni fupi. Majini hakuna kona. Nikamwambia Ouma una akili. Akasema anajua.

Basi tukachagua ile ya sitini na tisa. Bado hatukuwa na ndege, lakini angalau tulikuwa na njia.

Mchana nikapata habari mbaya. Brigid amewaambia wakwe zake wa Tororo kwamba nyanya anakuja kwa ndege. Wakwe wakafurahi kupita kiasi. Sasa wanataka kuja na ngoma kumpokea uwanjani. Mzee wao Yekosofati amenipigia mwenyewe, anauliza kama ngoma inaweza kumsumbua rubani. Nikasikia sauti yangu ikijibu kwamba ngoma ndogo haina shida, ila wasihangaike, Mayi ataletwa moja kwa moja nyumbani.

Hapo nikaona mwisho umefika. Nikaingia jikoni kutubu mbele ya mke wangu. Nafuna alikuwa anakanda unga, mikono imejaa mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, mama Brigid, nina jambo zito. Akageuka. Akaniangalia. Nikasema ni mimi niliyevunja ile chupa ya chai, mwezi wa pili, nikasingizia paka.

Akasema alijua. Akarudi kwenye unga.

Nilijisikia mwepesi kidogo. Halafu nikakumbuka chupa ya chai siyo jambo lenyewe.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekuja Jinja. Nia yangu ilikuwa safi kabisa. Nilitaka kutubu kwa Mayi mwenyewe.

Kutubu kwa mama mkwe kuna ugumu wake. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hakai naye kiti kimoja, hapandi naye gari moja. Hata Apollo na tai yake hawezi, ndiyo maana alikuwa anatuma dereva. Kuongea tunaongea, yeye ndani ya nyumba, mimi nje ya dirisha, kila mtu anaangalia upande wake.

Nikasimama dirishani. Nikasema, Mayi, kuhusu ile ndege.

Nikasikia kicheko cha watu wengi. Kumbe chumba kimejaa majirani. Wamekuja kumuaga. Mayi amenyoosha gomesi, vazi lake la sherehe, la rangi ya papai. Hajala tangu jana ili asichafue mbingu. Akauliza kama viatu vinavuliwa mlangoni. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kufunga macho, maana juu sana anaogopa. Mama mmoja akamwambia awasalimie malaika. Mayi akamwambia malaika wako mbali, hiyo ni ndege ya Mbale tu.

Halafu akanyamazisha watu. Akasema, "Khaemba, mwanangu. Nilikuwa nimeshamkosa Brigid. Nilikuwa nimeshalia nikamaliza. Wewe umenirudishia."

Nani anaweza kutubu hapo? Nikasema tunaondoka saa nne.

Nikatoka nikatembea. Nikafikiri sana. Simu inasema kwa ndege kilomita mia moja ishirini na nane, lakini barabara ni ndefu zaidi. Hiyo ziada ni ya nini? Ni kona tu! Ndege haina maajabu yoyote. Ndege ni kitu kinachokataa kona. Gari likikataa kona, basi ni ndege, ila iko chini.

Nikamtafuta Bogere. Ana gari la zamani la kukodi, rangi haijulikani. Nikamweleza mstari ulionyooka. Bogere akasema kwenye mstari huo kuna nyumba za watu. Nikamwambia tutazikwepa. Akasema basi hizo ni kona. Nikamwambia kona ndogo hazihesabiwi. Akasema mafuta ni yangu, yeye kazi yake ni usukani.

Ijumaa, 14 Novemba

Karatasi ina tope. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi nilifunga shuka ndani ya gari la Bogere, kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Upande huu ni gari langu, upande ule ni gari la Mayi. Magari mawili. Mila imeheshimiwa. Jirani alimleta Mayi akiwa tayari amejifunga leso kichwani mpaka puani, haoni kitu. Akauliza kama hii ndiyo ndege. Nikasema panda, Mayi, tahadhari kichwa.

Siwezi kusema nilidanganya. Sikusema ndiyo.

Bogere akawasha. Gari lake linanguruma vibaya, Mungu ambariki. Mayi akaanza kuomba. Tulipofika lami nzuri akauliza kama tumeshapaa. Nikasema tumetulia, Mayi.

Na hakutapika! Hata kidogo. Aliimba nyimbo za kanisa. Tulipoingia kwenye mashimo akasema hakujua angani kuna mashimo. Nikasema ni mawingu magumu. Iganga akasikia watu wanaita mahindi, mahindi ya moto. Akauliza. Bogere, kabla sijamzuia, akasema tumeshuka kidogo kupunguza joto. Baadaye polisi wa barabara akatusimamisha, akaomba leseni. Bogere akamwita afande. Mayi akauliza nyuma ya shuka kama hata huku juu wapo. Polisi akachungulia. Akaona shuka, akaona mama aliyefungwa leso anaimba. Akaniuliza kama mgonjwa ni wa akili. Nikasema ndiyo. Nimemkosea tena hapo.

Dakika arobaini zilikuwa zimepita zamani. Mayi akaanza kuuliza tumebakisha ngapi. Nikasema upepo unatupiga usoni. Lakini nilijua tatizo. Tatizo ni kona. Tulipopita Namutumba nikaangalia simu, nikaona mstari ulionyooka, nikamwambia Bogere aache lami. Kulikuwa na njia ya baiskeli inaelekea palepale panapotakiwa. Bogere akasema kule ni mashamba ya mpunga. Nikasema hiyo ndiyo ile njia ya maili sitini na tisa.

Tukaenda vizuri. Tukaenda vizuri. Halafu gari likainama mbele, likalia, likatulia. Maji yakaingia miguuni.

Bogere akapandisha miguu kwenye kiti.

Mayi akavuta leso. Akaangalia nje. Mpunga kila upande, na wanawake wenye majembe wamesimama wanatutazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Tumeanguka?"

Nikajibu ndiyo.

Sijui kwa nini. Lilikuwa jibu la karibu zaidi. Mayi akafungua mlango, akapiga magoti kwenye tope na gomesi yake ya papai, akamshukuru Mungu kwamba ndege imeanguka taratibu. Akataka kusimama, tope likamshika, akaanza kwenda upande. Nikamdaka mkono.

Nilimshika mama mkwe mkono. Mbele ya watu. Bogere akafunika macho. Wale wanawake wakashusha majembe. Nikaachia haraka, akaanguka tena, nikamshika tena. Mara mbili!

Kabla sijasema neno alikuwa ametoa simu kifuani, amempigia Nafuna. Mwanangu, ndege imeanguka, tuko hai, tuko kwenye mpunga. Simu ikakatika.

Kule nyumbani, naambiwa, Brigid alianguka chini. Pasta aliitwa. Ouma alifunga duka langu akalia mbele ya mlango. Na Apollo, bila kuuliza mtu, akaingia ndani ya gari lake na dereva wake, akaja.

Alikuja akiulizia kwenye kila shamba la mpunga, akatupata tumekaa pembeni mwa barabara, mimi upande mmoja, Mayi upande wa pili na wale wanawake, wanampa uji. Tai ya Apollo ilikuwa imelegea. Sijawahi kuiona imelegea. Akasema, "Khaemba, ndege iko wapi?"

Nikamwonyesha gari la Bogere, linaonekana paa tu.

Akavua tai, akajifutia uso. Hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema tu kwamba njia nzima alikuwa anapanga namna ya kumwambia mke wangu.

Halafu akampakia Mayi kwenye gari, dereva akaondoka, na ndipo Apollo akakumbuka kwamba yeye pia ni mkwe, hawezi kupanda. Tulirudi Mbale kwa boda boda moja, yeye katikati, mimi nyuma, nimemshika kiuno.

Mayi alitapika Budaka, na tena karibu na Mbale. Amesema afadhali ndege, hata ikianguka.

Jumamosi, 15 Novemba

Sherehe imefanyika. Brigid alitoka chumbani mkono kwa mkono na nyanya yake. Niliwaona, ikabidi niangalie juu kama mtu anayekagua turubai.

Watu wa Tororo walileta blanketi. Mayi akalipokea. Halafu akaomba kusema. Akawaeleza namna ndege ilivyopita kwenye mawingu magumu, namna polisi wa juu walivyowasimamisha, namna Mungu alivyoiweka chini kwenye mpunga kama yai. Watu walilia. Mzee Yekosofati akasimama, akasema mama aliyenusurika hawezi kufunikwa na blanketi moja. Wakatuma mtu sokoni. Likaja la pili, zito, lenye picha ya simba.

Nafuna alikuwa nyuma yangu. Bogere alikuwa ameshafika nyumbani kwetu asubuhi, anatafuta watu wa kuvuta gari, na ameongea vya kutosha. Nafuna akaniinamia sikioni kama anayeniongezea mchuzi. Akasema, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Wageni walipoondoka nikaenda dirishani. Nikasema yote. Kilomita, maili, mlinzi, shuka, leso, mawingu. Sikuficha hata yale mahindi ya Iganga. Ndani kimya. Nikafikiri amelala. Nikarudia kutoka mwanzo.

Akasema amesikia mara ya kwanza.

Akasema amesimama mbele ya watu wa kanisa na watu wa Tororo, na umri wake, akaapa kwamba alianguka kutoka juu. Brigid anaenda kuishi na watu hao. Siku moja watajua. Atawaambia nini kuhusu blanketi la simba? Sauti yake haikuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

Nikasema nitampigia mzee Yekosofati mwenyewe, nimwambie kosa ni langu peke yangu. Akasema hilo ni la kwanza. La pili ni mkono.

"Mkono ulionishika unalipwa kwa mbuzi, aje kwangu Jinja achinjwe mlangoni. Hiyo najua. Uongo sijui unalipwa kwa mnyama gani."

Akafunga dirisha. Phanice akaja kumchukua, anaenda kupumzika kwake Nkoma. Alhamisi dereva wa Apollo atamrudisha Jinja, na mito miwili na tangawizi.

Jumapili, 16 Novemba

Leo nimepiga simu Tororo. Nimemwambia mzee Yekosofati kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: sasa hiyo ndege ni ya kilomita au ya maili? Nikamweleza nilivyoweza. Akasema blanketi la simba libaki, maana mama aliyevumilia mkwe kama mimi amenusurika kweli. Nikamwambia Phanice amfikishie Mayi maneno hayo. Phanice anasema Mayi alicheka kidogo, halafu akakumbuka, akaacha.

Limebaki la mbuzi. Nimeshampata, dume jeupe, miguu imara, macho ya kiburi. Apollo akasema dereva wake anaenda Jinja Alhamisi, mbuzi atakaa kwenye buti, hakuna shida. Nikamshukuru, nikakataa. Toba haiwekwi kwenye buti la gari la mtu mwingine. Nimeacha njia za mkato. Nimeacha ndege. Nitampeleka kwa miguu.

Sikukurupuka. Nimeangalia kwenye simu. Kutoka Mbale mpaka Jinja, mtu akitembea kwa miguu, ni saa ishirini na tisa. Nikashtuka kidogo. Halafu Ouma akaniuliza hiyo ni ya miguu mingapi. Tukaangalia tena. Picha iliyopo pale ni ya mtu, miguu miwili.

Mbuzi ana minne.

Kwa hiyo ni nusu. Saa kumi na nne na nusu, na hapo hatujakata kona hata moja. Ouma amehesabu upya kwa chaki kwenye mlango wa duka, imekuja vilevile. Jambo pekee ambalo hatujalielewa ni mimi nitamfuata vipi, lakini nitashika kamba vizuri.

Nimeshampigia Mayi. Tutaondoka hapa Ijumaa mara tu jua likichomoza. Naahidi, na ninaweka jina langu chini: Jumamosi tarehe ishirini na mbili, chai ya asubuhi ikiwa bado moto, mbuzi atakuwa amesimama mlangoni pa Mayi, Walukuba, na mimi nimesimama nyuma ya mbuzi.

Khaemba.